Gari kugonga nyuma si lazima iwe shokapu

Gari likianza kugonga "ko, ko" nyuma, hukumu hutoka hata kabla halijapigwa jeki: shokapu, vile vifaa vinavyotuliza mneso wa gari, zimekufa. Unanunua mbili, zinafungwa, na kwenye tuta la kwanza mlio uko palepale.

Shokapu iliyochoka mara nyingi haigongi. Hulifanya gari linesenese. Kandamiza kona ya nyuma kwa nguvu, achia. Likipanda na kutulia, bado ina uhai. Likiendelea kunesa, au shokapu imelowa oili, hapo ishuku. Mlio wa kugonga huletwa na kitu chenye mchezo: chuma kimepata nafasi ya kukipiga kingine.

Anza na buti. Toa jeki, spana na tairi la spea, kisha pita njia ileile. Usicheke, wengi wameshanunua vipuri kwa sababu ya jeki iliyolegea.

Mlio ukibaki, sikiliza unatokea wakati gani. Kwenye vishimo vidogo, tairi moja ikipanda peke yake, shuku stabilaiza linki, vile vifimbo vinavyounganisha chuma cha stabilaiza na sehemu za magurudumu. Tairi zote mbili zikipanda tuta pamoja, linki hizo hupungua kelele. Mlio ukitokea mara moja tu unapokanyaga breki au kuondoka, angalia bushi, yaani mipira ya kwenye maungio, za mikono inayoshika ekseli: penyeza mtaimbo mdogo, sukuma, tazama kama mpira umechanika. Nati ya juu ya shokapu ikilegea nayo hugonga, ilhali shokapu yenyewe ni nzima.

Fundi akifunga bushi mpya za mpira, asikaze boliti za mwisho magurudumu yakining'inia. Zikazwe gari limekalia tairi zake, la sivyo mpira hubaki umejisokota na kuchanika mapema.