Kisichokuwamo kwenye orodha ya jiji

Jumamosi nilikuwa harusini hapa Texas, sahani ya pilau mkononi, mzee mmoja akanivuta kando. "Si wewe unayepeleka maneno ya jiji Austin? Mbona kima cha chini cha mshahara hakimo kwenye vipaumbele vyenu? Meya hatujali?" Kazi yangu ni kulisemea jiji letu kwenye bunge la jimbo, lililoko Austin, na orodha anayoitaja ni ya mambo ambayo jiji hulitaka bunge hilo liyafanye au liyaache. Swali hili limeshanipozea sahani nyingi. Jibu naliandika hapa, atakayeniuliza tena nimtumie kiungo nile.

Meya hana mamlaka hayo. Sheria ya Texas inauzuia mji kuwapangia waajiri binafsi mshahara. Jimbo linafuata kiwango cha taifa, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijaguswa tangu 2009. Kudhibiti kodi ya pango? Mpaka kuwe na maafa, na gavana aridhie. Austin na Dallas ziliwapa mafundi wa ujenzi dakika 10 za kunywa maji kila saa nne. Mwaka 2023 bunge la jimbo likapitisha sheria iitwayo HB 2127, ya kufuta kanuni za miji za namna hiyo kwa mkupuo. Houston ikakimbilia mahakamani kuipinga.

"Basi waombeni waibadilishe sheria!" Hapa ndipo ninapochoka. Watu wanaisoma orodha yetu kama ile ya mahitaji ya shule ya bweni: andika vyote, ukipata nusu shukuru. Bunge hili hukaa siku 140, mwaka mmoja ndiyo, mwingine hapana. Mwaka 2023 iliwasilishwa miswada zaidi ya 8,000, na iliyopita haikufika 1,300. Kuua mswada ni rahisi kuliko kuupitisha, na kazi yetu kubwa ni kuua. Tangu 2019, mji ukitaka mapato ya kodi ya majengo yapande zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwaka, lazima wananchi wapige kura. Wapo wanaotaka kamba hiyo ikazwe zaidi. Kuwazuia hao hakumpendezi mtu harusini, lakini mishahara ya zimamoto inatoka kwenye kodi hiyo.

Sasa tuje kwenye vitenzi, ambavyo hakuna anayevisoma. Orodha ikisema jiji "litaanzisha", maana yake tumeshamtafuta mbunge wa kuubeba mswada na rasimu tumeandika sisi. "Litaunga mkono": mbebaji ni mwingine, sisi tutajaza kadi ya shahidi mbele ya kamati ya bunge inayousikiliza mswada. "Litafuatilia": mara nyingi madiwani wamegawanyika na hakuna anayetaka kusema. Ukiona jambo unalolipenda liko chini ya "kufuatilia", usishangilie.

Hata kadi ina fumbo lake. Unachagua kuunga mkono, kupinga, au kuzungumza "juu ya" mswada. Hii ya tatu watu huiona ya woga. Mimi naiona ya thamani kuliko zote: unaeleza mswada utakavyoukwamisha mji, bila kumfanya mwenye mswada adui. Niliwahi kuona mwenzetu mgeni akiweka alama ya kupinga kwenye mswada wa mwenyekiti wa kamati, huku mswada wetu ukisubiri kwa mwenyekiti huyohuyo. Mswada wetu haukuitwa mpaka kikao kikafungwa. Labda muda ulikwisha tu.

Halafu kuna miswada ya mabano, inayolenga mji mmoja bila kuutaja. Katiba ya jimbo inabana utungaji wa sheria za mji mmoja, kwa hiyo wanaandika "mji wenye watu zaidi ya milioni mbili". Texas nzima mji huo ni Houston peke yake. Ni mafumbo ya taarabu: jina halitajwi, na mlengwa anajijua. Ndiyo maana tarakimu za watu ndizo ninazozisoma kwanza.

Nikiri mawili. Mswada mbaya ukifa, huwa tunaandika ripoti kana kwamba tumeuua sisi, ilhali pengine saa ya ukutani ndiyo iliyouua. Na kuhusu mshahara: mimi ndiye huwashauri madiwani wasiuweke, kwa sababu haupiti na unatumalizia mtaji wa kuyazuia mengine. Naamini ni hesabu sahihi. Lakini tumeifanya kikao baada ya kikao, na siku nyingine sijui tena kama ni hesabu au mazoea.

Kikao kijacho cha bunge kinaanza Jumanne ya pili ya Januari 2027. Orodha hupigiwa kura na madiwani kabla ya hapo, mkutanoni, na mwananchi huruhusiwa kusema. Mzee nimemwahidi kumpa tarehe. Ameniambia atakuja kunisema.