Je, wajua kwa nini mtoto mchanga anaweza kuishiwa maji mwilini na huku ananyonya?

Mtoto amezaliwa na kilo 3.2. Siku ya nne anawekwa kwenye mizani na mshale unagota kwenye 2.85. Gramu 350 zimekwenda, karibu asilimia 11 ya uzito wake, na mama anaapa kwamba mtoto hajatoka kifuani. Hadanganyi. Ila mtoto kuwa titini ni jambo moja, na maziwa kuteremka kooni ni jambo jingine.

Kila mtoto hupungua kidogo siku za mwanzo, na wengi hurudia uzito wao wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili. Upungufu ukifika asilimia 10, hapo mkunga hukaa chini na kutazama namna anavyonyonya. Mara nyingi chanzo kinaanzia kwenye mwili wa mama, mahali ambapo juhudi zake hazifiki.

Siku mbili za kwanza titi hutoa dang'a, maziwa mazito ya njano, machache lakini yaliyojaa kinga. Maziwa mengi hushuka baadaye, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, na kinachoyafungulia njia ni kutoka kwa kondo la nyuma. Wakati wa ujauzito kondo hutengeneza projestironi kwa wingi, na homoni hiyo ndiyo inayozuia matiti yasitoe maziwa kabla ya wakati. Likishatoka, projestironi hushuka ghafla na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hushika kazi, ikisaidiwa na homoni nyingine, insulini na kotisoli. Saa 72 zikipita bila maziwa kujaa, wakunga na madaktari huhesabu kwamba yamechelewa.

Sasa ni rahisi kuona nani yuko hatarini. Mama wa uzazi wa kwanza maziwa yake huelekea kuchelewa kuliko ya aliyekwisha kuzaa, na isitoshe yeye na mtoto wote ndio kwanza wanajifunza. Aliyejifungua kwa upasuaji, au aliyesumbuka na uchungu kwa muda mrefu, naye yumo, hasa kama mtoto alipelekwa chumba kingine na hakunyonya mapema. Kisukari na unene wa kupindukia huingilia kazi ya insulini. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, isiyofanya kazi vizuri nayo hupunguza maziwa. Kipande cha kondo kikibaki tumboni, projestironi inaendelea kutoka na mwili unadhani ujauzito haujaisha.

Kutokwa damu nyingi wakati wa kuzaa kunastahili kutajwa peke yake. Damu ikipungua mno, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambayo ndiyo hutoa prolaktini, inaweza kukosa damu na kufa kwa sehemu. Mwingereza Harold Sheehan aliyaeleza hayo mwaka 1937, na hali hiyo ikapewa jina lake. Ni nadra, lakini mama aliyepoteza damu nyingi na maziwa yake hayaji kabisa asiishie kuambiwa ale vizuri na apumzike. Apimwe.

Kisha kuna titi lenyewe. Upasuaji wa kulipunguza unaweza kuwa umekata mirija ya maziwa. Chuchu bapa au zilizoingia ndani humfanya mtoto ashike vibaya. Wako pia wanawake wachache ambao tezi zao za maziwa hazikukua vya kutosha, na dalili moja ni matiti kutobadilika hata kidogo tangu mimba ilipotungwa hadi kujifungua. Ukubwa wa titi hausemi lolote. Sehemu kubwa ya ukubwa huo ni mafuta.

Linalowashangaza wengi ni habari ya chumvi. Dang'a ina sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, nyingi kuliko maziwa yaliyokomaa, na kiwango hicho hushuka siku chache za mwanzo kadiri titi linavyonyonywa na kutolewa maziwa. Lisipotolewa maziwa vya kutosha, sodiamu hubaki juu. Kwa hiyo mtoto anayepata maziwa kidogo hupata pia maziwa yenye chumvi zaidi, na figo zake changa haziwezi kuufanya mkojo uwe mzito kama za mtu mzima ili kuokoa maji. Sodiamu inapanda kwenye damu, nayo huvuta maji kutoka ndani ya seli na kuyaingiza kwenye mishipa. Ndiyo maana mtoto huyu huenda asionekane amekauka: utosi haujabonyea sana, ngozi haijasinyaa. Anaonekana mpole tu, analala mno, halii kudai titi, na wageni wanamsifu kwa utulivu.

Mimi ningemwamini mtoto mwenye kelele kuliko huyo, na ningeiamini nepi kuliko sura. Siku ya kwanza mkojo mara moja hutosha, siku ya pili mara mbili, na kuanzia siku ya tano nepi sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24. Choo cheusi cha mwanzo kinapaswa kuwa kimegeuka njano kufikia siku ya tano hivi. Kikibaki cheusi, au mkojo ukiacha vumbi jekundu kama la tofali, au macho yakizidi umanjano, au mtoto akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mizani nayo huweza kudanganya kwa upande wa pili. Mama aliyewekewa dripu nyingi wakati wa uchungu anaweza kuzaa mtoto mwenye maji ya ziada, na mtoto huyatoa kwa mkojo katika siku ya kwanza. Uzito unashuka ilhali hana tatizo.

Kumpa maji ya kunywa nyumbani si dawa. Yanajaza tumbo lisilo na nafasi na kupunguza hamu ya titi. Hospitalini sodiamu hushushwa taratibu kwa makusudi, kwa saa nyingi na mara nyingi zaidi ya siku moja, kwa sababu ikishushwa haraka maji hukimbilia kwenye ubongo nao ukavimba. Muda huo mama hukamua maziwa mara 8 hadi 12 kwa siku, na anayokamua hupewa mtoto kwa kikombe. Yasipotosha, huongezewa maziwa ya mama mwingine yaliyokaguliwa au ya kopo mpaka ya kwake yajae.