Mfuko wa kitenge kwenye blauzi nyeupe: tunayoamini na yaliyo kweli

Pale Soko la Sabasaba hapa Dodoma hukosi blauzi nyeupe ya mtumba, ya pamba, isiyo na doa wala pambo. Ukiwa na sindano, uzi, mkasi na kipande cha kitenge alichobakiza fundi, unaweza kuigeuza ikawa nguo ya kuendea shughuli. Wengi hawathubutu kwa sababu ya mambo wanayoyaamini. Wengine huthubutu, wakaharibu kwa sababu hizohizo.

"Bila cherehani hakuna kinachoshika." Kinashika vizuri. Choma sindano hatua moja nyuma, itoe hatua moja mbele, uendelee hivyo mpaka mwisho. Mshono huo haufumuki kirahisi. Kinachowaponza watu ni uzi mrefu: unajisokota, unafunga mafundo, unachakaa kabla hujamaliza. Kata unaotoka ncha za vidole hadi kwenye kiwiko, basi. Na piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, ili kitambaa kisihame wakati unashona.

"Kitenge kikichuja, kiloweke kwa chumvi, rangi itashika." Hapa nitakaa kidogo. Nilikata mfuko kwenye kitenge chekundu, nikaulaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha kama nilivyofundishwa tangu utotoni, nikaushona kwenye blauzi nyeupe ya mpwa wangu ya kipaimara. Ilipofuliwa mara ya kwanza tu akaniletea mkononi: "Mama mdogo, mbona imekuwa pinki?" Michirizi ilianzia chini ya mfuko ikashuka hadi kwenye pindo. Iliniuma sana.

Chumvi ina kazi yake, lakini ni kwenye maji ya kutilia rangi: huisaidia rangi kuingia kwenye nyuzi za pamba. Kitambaa kikishakamilika, chumvi ya jikoni haiwezi kuifunga rangi ambayo haikushika tangu mwanzo. Siki nayo ni hivyohivyo.

Dawa yake ni kufua kabla ya kukata. Tumia sabuni na maji ya uvuguvugu, suuza mpaka maji yatoke safi, rudia hata mara tatu. Kisha lowesha kona ya kitenge, ikandamize kwenye kitambaa cheupe. Ikiacha alama, usikiguse na nyeupe kabisa. Kipeleke kwenye nguo ya rangi iliyokoza. Mfuko wangu niliufumua, sasa uko kwenye gauni la bluu nzito.

Kufua huko kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Kitenge kipya huwa na wanga, na pamba hurudi inapoloa mara ya kwanza, kwa sababu nyuzi zilizovutwa wakati wa kufumwa zinalegea. Blauzi ya mtumba imeshafuliwa mara nyingi, imesharudi. Ukishonea juu yake kitambaa ambacho hakijarudi, kikiloa kinapungua chenyewe na kuivuta blauzi, mfuko unajikunja pembeni. Watu husema fundi hajui, kumbe kitambaa hakikufuliwa.

"Shanga hudondoka tu." Hudondoka zikishonwa zote kwa uzi mmoja usio na fundo: ukikatika, zinamwagika sakafuni. Pitisha sindano mara mbili kwenye kila shanga, funga fundo kila baada ya tatu au nne. Hapa Ugogoni shanga zinachezewa ngoma. Hazina udhaifu tunaozisingizia. Ila za plastiki huyeyuka kwa pasi ya moto, kwa hiyo geuza nguo ndani nje, tandika taulo chini, usiguse zilipo.

"Kudarizi ni kazi ya kike." Tazama shingo ya kanzu, tazama kofia ya mkono. Wanaume wamezidarizi miaka mingi.

Nguo ikishapambwa, ianike kivulini, ndani nje. Jua letu la kiangazi halichagui: linapausha kitenge, linachosha hata uzi uliokishikilia.