Witiri si tasa

Juzi barazani kijana mmoja alitutangazia kwamba 1,000,001 ni namba tasa. Kisa? "Si haigawanyiki kwa mbili!" Watu wakaitikia kwa vichwa, kahawa ikaendelea. Mimi nikanyamaza, maana nimeshayasikia haya mpaka kwa walimu.

Isiyogawanyika kwa 2 inaitwa witiri. Tasa ni namba nzima iliyozidi 1 ambayo vigawo vyake ni viwili tu: 1 na yenyewe. Basi.

Witiri na shufwa tumezitoa kwenye Kiarabu, na anayeswali usiku anazijua hata kama hesabu ilimshinda: swala ya witiri hufungwa kwa rakaa isiyo na mwenzake. Shufwa ni vilivyo jozi. Kwa hiyo witiri inauliza swali moja dogo: ukizipanga mbilimbili, kuna inayobaki peke yake? Unaangalia tarakimu ya mwisho, umemaliza.

Tasa ni neno la nyumbani, na ni la uchungu kidogo: mtu au mnyama asiyezaa. Hapa ndipo jina linapotuponza. Wagiriki waliziita namba hizi "za kwanza", na Waarabu nao wakafuata njia hiyohiyo, kwa kuwa kila namba nzima iliyozidi 1, kama yenyewe si tasa, imepatikana kwa kuzidisha namba tasa. 12 ni 2 × 2 × 3. Yaani hawa tunaowaita tasa ndio wazazi wa ukoo mzima! Wasichokuwa nacho ni wazazi wao wenyewe. Sijui nani alichagua neno hili, ila ningekuwepo ningebisha.

Tena 2 ni shufwa na ni tasa, wakati 9 ni witiri na si tasa. Hapo tu hoja ya kijana imekwisha.

Lakini nisimcheke sana. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat alikuwa na msururu wake: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tasa. Akaamini inayofuata, 4,294,967,297, nayo ni tasa. Ilikaa hivyo hadi 1732, mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, alipoonyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Namba kubwa ina sura ya kudanganya. Haikuambii kitu mpaka uigawe.

Sasa kijana wangu, kwa witiri uko sawa. Ila chukua hiyo 1,000,001 uigawe kwa 101. Utapata 9,901, na hakibaki kitu. Hiyo 9,901 ndiyo tasa, lakini usinikubalie kwa mdomo: ijaribu kwa namba tasa zote kuanzia 2 hadi 97. Ziko 25 tu. Ukivuka hapo huna haja ya kuendelea, kwa sababu 100 × 100 imeshaipita.