Meseji imetumwa kwako, sawa. Ndo uianike?

Wiki hii ni mtu wa tatu ananipigia na sentensi ileile: "Wakili, meseji kanitumia mimi, zipo kwenye simu yangu, kwa nini nisiziweke kwenye grupu?" Jamani. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda mawasiliano binafsi ya mtu, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hapo nisikae sana, kasomeni.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba skrinshoti ni ushahidi tosha, umemaliza kazi. Skrinshoti gani? Jina la juu ni wewe umelisevu, ukitaka nisevu mimi kama "Tapeli" na kila salamu yangu itakuwa imetoka kwa Tapeli. Meseji zako za matusi ulizoanza nazo unazifuta upande wako, chati inajifunga kama hakukuwa na kitu pale. Kuna mhazini wa kikoba alianikwa kwa mstari mmoja tu, "hela ya wiki hii nimekula", watu wakamla mzimamzima, ukishuka meseji inayofuata anasema atarudisha Ijumaa kama alivyokubaliana na mwenyekiti, na mwenyekiti yumo humohumo kwenye grupu kanyamaza kimya 😅. Ndo maana kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinamtaka hakimu aangalie ujumbe umetengenezwaje, umetunzwaje, mtumaji katambuliwaje. Niletee simu yenyewe na chati nzima, usiniletee picha umeikata juu na chini.

Na msiniambie "WhatsApp imefungwa, haivuji". Imefungwa njiani, yaani wa katikati hawezi kuisoma, ikishafika kwenye kioo cha mtu ni yeye na roho yake.

Ila niseme ukweli. Kuna dada nilimwambia asiposti meseji za jamaa aliyekuwa anamsumbua usiku na usiku, nikamwambia twende polisi kwanza, tufuate utaratibu. Hakunisikiliza, akaposti kwenye grupu la mtaa. Kabla ya saa sita wakajitokeza wanne wenye meseji za mtu yuleyule, mmoja ana miaka mitatu hajamwambia mtu. Ushauri wangu ulikuwa sahihi kisheria, na ungewaacha wale wanne kila mtu na simu yake. Nilichomwomba afute ni namba ya mke wa yule jamaa tu, maana aliibandika nayo.