Chuo Kikuu Uhamishoni: Nani Atatia Sahihi Shahada?

Kampala haikosi wasomi waliokimbia kwao. Wapo Waeritrea wa Kansanga na Kabalagala, Wasudani waliofika baada ya vita kulipuka Khartoum mwezi Aprili 2023, Wakongo, Warundi, Wasudani Kusini. Jamii ikishatulia kidogo, wazo lile lile huzaliwa: tufungue chuo kikuu chetu hapa, vijana wetu wasome bila woga, na siku utawala ukianguka tuwe na watu wa kuijenga nchi. Kazi yangu ni kukagua ubora wa kozi za vyuo vikuu, kwa hiyo mapendekezo ya namna hii hunifikia yakiwa yamepigwa chapa vizuri, yana nembo, kaulimbiu na jina la mkuu wa chuo mtarajiwa. Kinachokosekana mara nyingi ni jibu la swali moja: nani atatia sahihi shahada?

Wengine huniona mrasimu ninapolitanguliza. Lakini mwajiri wa Nairobi hamjui mhitimu aliyesimama mbele yake. Anachokiamini ni chuo kilichotoa cheti, na chuo hicho kinaaminika kwa sababu kuna dola iliyokipa mamlaka na kuna wakaguzi wanaokifuata nyuma. Serikali iliyowafukuza walimu haitawapa mamlaka hayo. Yatatoka kwa nchi iliyowapokea, la sivyo hayatatoka popote.

Chukua Eritrea. Chuo Kikuu cha Asmara kilianzishwa na masista Wakatoliki wa Comboni mwaka 1958. Mwaka 1990, wapiganaji wa EPLF, jeshi la ukombozi wa Eritrea, walipoukaribia mji, serikali ya Mengistu, iliyokuwa ikiitawala Eritrea kutoka Ethiopia, iliwahamishia walimu na vifaa Agarfa, kusini mwa Ethiopia. Baada ya ushindi wa 1991 chuo kikafufuliwa Asmara, na wengi waliamini kimepata salama yake. Mwaka 2001 kiongozi wa umoja wa wanafunzi alikamatwa, wanafunzi wapatao 2,000 wakapelekwa kambi ya Wi'a kwenye joto kali, wawili wakafia huko. Kuanzia 2003 wanafunzi wapya hawakupokelewa tena Asmara, na kufikia 2006 chuo kilikuwa kimekwisha. Siku hizi mwaka wa mwisho wa sekondari humalizikia mahali paitwapo Sawa, ndani ya kambi ya jeshi. Utumishi wa taifa, ambao sheria inasema ni miezi 18, umegeuka kuwa wa miaka isiyo na hesabu, na wahitimu huzuiliwa vyeti vyao mpaka waachiliwe. Kijana akitoroka na kufika Kampala, elimu anayo kichwani, mkononi hana karatasi hata moja. Anayetaka kuwafungulia watu kama hawa chuo kikuu ajue kwamba jambo la kwanza wanalolihitaji ni ofisi ya vyeti. Ukumbi wa mihadhara utafuata.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni ule wa New York. Mwaka 1933, Wanazi walipoanza kuwafukuza maprofesa Wayahudi na wapinzani wao, Alvin Johnson, mkurugenzi wa New School for Social Research, taasisi ya elimu ya juu mjini humo, aliwakusanyia fedha na kuwafungulia kitivo kilichoitwa Chuo Kikuu Uhamishoni. Mwaka 1934 jimbo la New York likakipa kibali cha muda cha kutoa shahada. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa, lakini tusiisome vibaya. Chuo kile kiliokoa walimu. Waliokaa madarasani walikuwa hasa Wamarekani, lugha ilikuwa Kiingereza, na kijana aliyebaki Berlin hakupata chochote. Anayesema "tufanye kama New York" aulizwe kwanza anataka kuokoa nani.

Chuo Huru cha Ukraine ndicho kilichobeba taifa lake. Kilianza Vienna mwaka 1921, kikahamia Prague mwaka huo huo, na vita vilipokwisha mwaka 1945 kikaibukia Munich. Mwaka 1950 serikali ya Bavaria ilizitambua shahada zake, na ndiyo maana hadithi yake haikuishia kwenye kumbukumbu za wazee. Ukraine ilipopata uhuru mwaka 1991, chuo kilikuwa bado kinafundisha.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa Belarus. Chuo cha European Humanities kilianzishwa Minsk mwaka 1992, serikali ikakifunga mwaka 2004 kwa kisingizio cha majengo. (Tawala za mabavu hupenda sana sababu za majengo, vyoo na zimamoto, hazionekani mbaya kwenye magazeti.) Mwaka uliofuata kikafunguliwa Vilnius, Lithuania, na mwaka 2006 Lithuania ikakipa hadhi kamili ya chuo kikuu. Vilnius na Minsk hazitengani hata kilomita 200. Wanafunzi wengi waliendelea kuishi kwao Belarus, wakisoma kwa mbali na kuvuka mpaka kwa vipindi vifupi vya masomo. Chuo kilikuwa cha Wabelarusi kwa moyo, lakini mbele ya sheria kilikuwa cha Lithuania, chini ya wakaguzi wa Lithuania kama vyuo vingine vya huko.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Uganda ya Vyuo Vikuu na Taasisi za Elimu ya Juu ya mwaka 2001 inaipa njia taasisi ya binafsi: barua ya idhini ya awali, kisha leseni ya muda, kisha hati ya kudumu anayoitoa Rais kwa ushauri wa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Njia hiyo iko wazi kwa mgeni pia, ila ni ndefu na inakula fedha: ardhi, maktaba, maabara, walimu wa kudumu, mpango wa miaka kadhaa. Nimeona vikundi vyenye nia njema vikichoka hata kabla ya kupata barua ile ya kwanza.

Ushauri wangu, na najua wengine hawaupendi, ni kutoanza na chuo kikuu kabisa. Anzeni kama taasisi ndani ya chuo kikuu cha Uganda ambacho tayari kina hati. Mtaala uandikeni nyinyi, walimu wawe wenu, seneti ya mwenyeji ipitishe kozi na kutoa shahada. Wapo wanaoona hiyo ni fedheha. Wakumbushwe kwamba kuanzia 1949 mpaka 1963 Makerere yenyewe ilikuwa ikiwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Hakuna aliyewahi kuwadharau wahitimu wale. Wengi waliishia kuziendesha nchi zetu.

Kuna kikwazo kingine ambacho waanzilishi hukigundua wamechelewa. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, katika kifungu cha 3, unamkataza mkimbizi kufanya uchochezi dhidi ya nchi yoyote mwanachama, na unaitaka nchi mwenyeji iyazuie mashambulizi hayo, yawe ya silaha, ya magazeti au ya redio. Shule ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu, Morogoro, ilikuwa mali ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, waziwazi, na Taasisi ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Namibia, iliyofunguliwa Lusaka mwaka 1976, iliongozwa na Hage Geingob wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia. Hazikufichwa. Lakini zilikuwa zikipingana na ubaguzi wa rangi, na Afrika nzima ilikuwa upande mmoja. Chuo cha uhamishoni cha leo kinapingana na serikali yenye ubalozi Kampala na kiti kwenye Umoja wa Afrika, Addis Ababa. Urafiki wa marais ukibadilika, chuo kilichofungamana na chama ndicho cha kwanza kugongewa mlango. Viongozi wa vyama wasikae kwenye bodi. Wafundishe wakipenda, kama walimu.

Lusaka inatufundisha pia cha kusomesha. Taasisi ile iliandaa watumishi wa serikali ambayo haikuwapo bado: watu wa mipango, wa utawala, wa sheria. Uhuru ulipofika mwaka 1990 Geingob akawa Waziri Mkuu wa kwanza, na aliowafundisha walikuwa tayari. Naona wengi wanakimbilia shahada ya siasa na haki za binadamu. Nazo ni muhimu, lakini nchi inayotoka kwenye udikteta huishiwa haraka zaidi na wauguzi, walimu wa hisabati, wapima ardhi, watakwimu na watunza nyaraka.

Usalama wa majina nao ni mzito kuliko watu wanavyodhani. Orodha ya wanafunzi wa chuo kama hiki ni orodha ya familia zilizobaki nyumbani, zinazoweza kuadhibiwa. Sajili ya majina halisi itengwe na sajili ya alama za mitihani, waifikie watu wawili au watatu tu, na nakala yake ihifadhiwe nje ya nchi. Mwanafunzi aliye ndani ya nchi yenye udhibiti mkali asilazimishwe kuwasha kamera. Tena msitundike kila kitu mtandaoni: Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Masomo yawe na toleo la kuchapishwa, na la kubebwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Wafadhili hupenda kuzindua, hawapendi kulipa mishahara ya mwaka wa nne. Msipokee darasa la kwanza kabla ya kuwa na uhakika wa kulifikisha mahafali.

Wasio na vyeti wanaweza kuanza sasa, bila kusubiri chuo chochote kuzaliwa. Kitambulisho cha mkimbizi hutolewa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakuruhusu kusoma na kufanya kazi. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Taifa la Mitihani (UNEB), vya chuo kikuu na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Aliyenyimwa cheti aandike tamko la kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ataje masomo aliyosoma, miaka na walimu waliomfundisha, aambatishe chochote alichonacho: kadi ya maktaba, picha ya mahafali, barua pepe ya zamani ya idara. Walimu wake waliotawanyika wanaweza kuthibitisha kwa maandishi, na wengine watapatikana hapa hapa Kampala. UNESCO nayo ilianza mwaka 2019, nchini Zambia, kuwahoji wakimbizi wasio na karatasi na kuwapa hati inayoeleza elimu yao. Kikundi kinachotaka kuanzisha chuo kinaweza kukusanya mafaili haya kuanzia mwezi huu, na kikija ofisini kwangu nayo tutakuwa na la kuzungumza.