Wastani wa nyuzi 12 si ahadi ya nyuzi 12
Wengi wakisoma kwamba mji mdogo wa milimani una wastani wa nyuzi 12 za Selsiasi kwa mwezi fulani, hufungasha sweta moja jepesi na kuondoka. Usiku wanatetemeka. Wastani huo huchanganya mchana na usiku: adhuhuri ya nyuzi 20 na alfajiri ya nyuzi 4 huzaa 12 ileile. Na milimani, hewa ni nyembamba na mara nyingi kavu, kwa hiyo anga likiwa halina mawingu ardhi hupoa upesi sana jua likizama. Tena takwimu hizo, ambazo kwa kawaida ni wastani wa miaka 30, hupimwa kwenye kituo cha hali ya hewa. Ukipanda mita 1,000 juu ya kituo hicho, punguza takriban nyuzi 6.5. Angalia kwanza wastani wa kiwango cha chini cha usiku.